Bendera Mpya Uwanjani

Bahiya aliitua ndege ya kivita aliyotumwa kuwapelekea askari wa mpakani. Kabla hajazima injini, akaona uwanjani inapepea bendera asiyoijua. Askari mmoja akapanda juu ya bawa, akitabasamu.

“Karibu, dada. Tulikuwa tunakungoja.”

“Kwani hapa nimefika kwa nani, kaka?”

Askari akaitazama bendera, akakuna kidevu. “Wakubwa wamebadilika jana. Mimi nimeambiwa nikupokee tu.”

“Sasa ndege hii naikabidhi kwa wenzetu au kwa maadui?”

“Hata mimi najiuliza.”

Mafuta yaliyobaki yasingemfikisha Bahiya nyumbani, ila yangeweza kumtoa pale. Askari akamnyooshea mkono amsaidie kushuka. Mbele yao pangaboi la ndege lilikuwa bado likizunguka.