Lango la Mapembe

Mbuzi wa milimani ni watu wa haki, na haki hiyo ndiyo iliyowaponza.

Fisi mgeni alivuka mto, akajenga ngome ya mawe chini ya milima yao, akaamuru kwamba kila mwezi ukiandama apelekewe mwanambuzi mnono. Ndugu watatu, Mapembe, Kidevu na Kishindo, walipochoka walimvamia akiwa amevimbiwa, wakamtimua kwa pembe hadi ng'ambo ya mto.

"Sasa tujifungie humu ngomeni," alisema Kidevu, "maana huyu atarudi."

"Kwanza tugawane," alisema kaka yao Mapembe. "Kwetu ndugu hugawana sawa kwa sawa. Sitaki kesho niambiwe nimewadhulumu wadogo zangu."

Basi wakagawana ngome. Kidevu akapata paa, Kishindo akapata mawe ya ukuta, na Mapembe akapata lango. Kila mmoja akabeba fungu lake, akapanda nalo kilimani kwake, roho kwatu.

Fisi aliporudi hakukuta ngome wala mlinzi. Akapanda moja kwa moja hadi kwa Mapembe, ambaye alikuwa amelisimamisha lango lake peke yake kileleni na kulitia komeo.

"Hodi!" aliita Fisi.

"Sifungui ng'o!" alifoka Mapembe, akilikaza lango kwa pembe zote mbili. "Hili ni langu kihalali!"

"Nani kabisha, kaka?" alijibu Fisi, akiwa nyuma yake.