Bibi Aliyeachwa Nje ya Filamu

Mabishano yalipamba moto katika banda la video kabla filamu haijafika katikati. Kitabu kilichozaa filamu hiyo watazamaji walikuwa wamekisoma kwa kuazimana mpaka jalada likang'oka, na sasa filamu ilikuwa imemwacha Bi Kirembo, kipofu anayelifungulia joka lango la mji.

"Filamu haibebi kila kitu," alisema Makame, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na maikrofoni kando ya skrini akiwatafsiria watazamaji kwa Kiswahili. "Akikosekana bibi mmoja, hadithi itakufa?"

"Itakufa," alisema Zaituni.

Wenzake wakacheka. Yeye aliinuka, akapenya katikati ya mabenchi na kunyoosha mkono.

"Nipe maikrofoni, kaka Makame. Kipande hiki tu."

Makame alimtazama usoni, akaona hapana utani, akampa.

Kwenye skrini lango lilifunguka kwa upepo. Zaituni akapunguza sauti ya filamu.

"Huo si upepo," alisema taratibu. "Ni Bi Kirembo. Msikieni anavyopapasa ukuta kwa fimbo. Joka hili lilimla mwanawe, lakini leo amelipikia uji, maana limezeeka na halina meno."

Kicheko kikakatika. Makame akabonyeza kitufe, picha ikaganda pale langoni pasipo mtu.

"Endelea, dada," alisema.

Zaituni akaendelea, na waliokaa benchi la mbele wakakunja miguu yao, kama watu wanaompisha mtu mwenye fimbo.