Ngozi ya Kondoo

Saa sita nzima kutoka Tinghir, Hammu alihamisha uzito kutoka tako hili kwenda lile juu ya pikipiki, mkewe nyuma yake. Walikuwa wamenuniana wiki nzima, hadi mke akasema, "Nirudishe kwetu."

Sasa walikuwa Midelt, mbele ya mlango wa kaka za mke. Mke akashuka na begi lake.

"Haya, umenifikisha."

Hammu hakujua mikono aiweke wapi. Akaanza kufungua kamba za ngozi ya kondoo aliyokuwa amekalia. Mkewe ndiye aliyeianika baada ya Idi, akaikunja mara mbili na kuishona, mume asiumie mgongo safarini.

"Chukua na hii. Ni yako."

"Wewe utarudi umekalia nini?"

"Kiti."

"Kiti! Kwa mgongo huo? Utafika umepinda kama mundu, halafu akukande nani?"

Ndani, ndara zilisikika zikija mlangoni.

Mkewe akamnyang'anya ngozi, akafumua mshono kwa meno, akaitandika upya na kukaza kamba.

Safari hii hakuikunja. Ilifunika mpaka kiti cha nyuma.