Diski Isiyo na Rangi

Kompyuta yangu kuukuu ilimaliza kugeuza mfumo wa video ya mama mmoja, mteja wangu, saa kumi jioni, baada ya kuhema kutwa nzima. Programu ya bure haina haraka. Mwenye haraka aende kwa wenye mashine za maana.

Mwanawe alijirekodi ughaibuni, kwa mfumo wa televisheni za huko. Kwenye runinga ya mama diski aliyomtumia ilicheza bila rangi, picha ikirukaruka. Hata hivyo ameitazama miezi miwili.

Nikaijaribu ile iliyogeuzwa. Rangi zikaja: shati la buluu, pazia jekundu. Kijana akasogea karibu, akatabasamu. “Mimi mzima kabisa, mama. Usihangaike.”

Weupe wa macho yake ulikuwa manjano ya kiini cha yai. Macho ya kaka yangu yalikuwa hivyo wiki ya mwisho ya uhai wake.

“Fundi, imekubali?” mama akauliza kutoka benchi la nje. “Simu yake haipatikani siku hizi. Angalau nimwone vizuri.”

Nikashusha rangi mpaka sifuri, ndipo nikachoma nakala kwenye diski mpya.

“Picha imetulia, mama. Rangi ndiyo imegoma.”

“Si neno, mwanangu. Rangi yake naijua.”