Mabuu Chini ya Majani ya Mzee Orville

Mzee Orville alishika majani ya mbele ya nyumba kwa mkono mmoja, akayavuta, yakainuka kama zulia. Chini yake mlijaa mabuu ya mbawakawa, meupe, manene, yamejikunja kama ndoana. Mizizi yote ilikuwa imeliwa. Kona nzima ilishachimbuliwa na vicheche waliokuja kuyatafuta.

"Marlys," alimwita binti yake aliyekuja kumtembelea, "mwezi wa saba niliweka dawa, au niliota?"

Marlys alitazama chini. Dawa alikabidhiwa yeye, ainyunyize na kuimwagilia maji, basi. Akaitia kwenye gari, akaisahau, na alipoikumbuka aliona haya, akaitupa.

"Ulisema utaweka mwenyewe, baba."

Neno lilimponyoka kabla hajalipima.

Mtaa mzima, pale Ohio, ulijua kauli yake: siku atakayosahau majani yake, apelekwe makao ya wazee bila ubishi. Marlys naye alikuwa amemwapia mama yake kitandani, kabla hajakata roho, kwamba hatampeleka baba huko.

"Haya," alisema Orville. "Mabuu sasa wameshanenepa, dawa hawaisikii. Wakaidi kama mimi. Lakini nilichosema nimesema."

Theluji ilipoanguka, alikuwa ameshahamia makao ya wazee.

Kila Jumapili Marlys alimpelekea pai ya tufaha, na kila Jumapili kipande chake mwenyewe hakukigusa. Baba alimwambia kila aliyekaa naye mezani, "Nilisahau majani yangu," nao wakatikisa vichwa kwa huruma. Marlys akainamia sahani.

Mwezi wa tatu uzalendo ulimshinda.

"Baba, hukusahau kitu. Dawa ulinipa mimi. Niliitupa, nikakudanganya. Nimekutoa kwako kwa uongo."

Orville aliendelea kutafuna.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuona dirishani ukiondoka nayo. Nikawa naamka alfajiri kuyamwagilia majani, maana mbawakawa hupenda kutaga penye unyevu." Alijifuta mdomo. "Ulikuwa ukiendesha gari mwendo wa saa nne kuja kunifulia nguo, mwanangu, na kiapo ulichomwapia mama yako kimekukaba. Kitanda cha hapa makaoni nilikiomba tangu mwezi wa sita."