Amri ya Siku ya Harusi

"Bi Zamzam, kubali tu kwamba ulimpa mtu neno lako la siri," mkurugenzi alisema, akimsogezea karatasi atie saini.

Bi Zamzam, mkunga mstaafu, alikuwa amepigiwa simu na mwizi aliyelijua faili lake lote la akiba, hadi jina la mjukuu aliyemwandika mrithi. "Mwanangu, mie hata marehemu mume wangu sikumwambia."

Kidawa, fundi wa kompyuta wa kampuni ile ya ushauri wa fedha, alikuwa kando yao na kompyuta yake. Mafaili ya wateja yalihifadhiwa mtandaoni, nyuma ya ukuta wa kinga, programu inayozuia wezi wa mtandao. Mkurugenzi ndiye aliyeamuru kwa barua pepe ukuta ule ufunguliwe, ili siku ya harusi ya bintiye afanye kazi kwa simu akiwa ukumbini. Tangu hapo, kila Kidawa alipoomba kuufunga, aliambiwa, "Acha kwanza, bado nautumia."

"Kidawa, mweleze mama. Kitaalamu."

"Namweleza, bosi."

Akaitoa kalamu mkononi mwa Bi Zamzam, akamgeuzia kompyuta yenye ile amri.

"Soma, mama. Anza na jina la aliyeiandika."

Bi Zamzam akafungua mkoba, akaanza kutafuta miwani, na ofisi nzima ikamngoja.