Pete Kikombeni

Pete ililia kikombeni, ting, katika giza la alfajiri. Kerryn akabana pumzi. Kwenye bahari baridi ya Tasmania vidole vya mzamiaji husinyaa, pete ikachopoka, hivyo yake huiacha jikoni.

Sikio lake lilipotoka damu daktari alimkataza kuzamia, na Kerryn akamwahidi bintiye kwamba basi, hatazamia tena. Lakini ile meli ya kale iliyosambaratika chini ya bahari, ambayo kazi yake ni kuipima, imebakiza kipande kimoja.

"Imelala huko miaka mia, mke wangu," mumewe alinong'ona toka kitandani, mlango wa chumba ukiwa wazi. "Itatorokea wapi?"

"Leo tu. Nimechoka, nataka niimalize."

"Ndivyo ulivyosema Pasaka."

Mkono mdogo wenye joto ukamshika, ukapapasa kidole kitupu.

"Mama, umevua pete."